Bad Brains: ilikuwaje rege na panki ya kasi vikakaa katika kaseti moja?

Mpwa wa Baharia (Mikindani, Mtwara)

Wanajukwaa wenzangu, habari za jioni, na kwa wakubwa zangu wote, shikamooni.

Mjomba wangu alifanya kazi ya ubaharia kwa miaka mingi, na alipostaafu alirudi hapa Mikindani na sanduku la bati lililojaa kaseti alizonunua katika bandari mbalimbali. Sanduku hilo lilikaa juu ya kabati tangu nikiwa mdogo, likipigwa na hewa ya chumvi, hadi mwezi uliopita aliponiruhusu nilifungue, nizifute kaseti moja moja na kutenga zile ambazo bado zinacheza. Nyingi ni za rege na za rumba ya Kongo, kama nilivyotarajia kwa mtu wa umri wake, lakini nilikuta moja ambayo imeninyima usingizi, na ndiyo iliyonileta hapa.

Jalada lake ni la njano, lina nyekundu na kijani ndani yake, na limechorwa radi inayopiga kuba la jengo kubwa. Jina lililoandikwa ni Bad Brains. Utepe ulikuwa umelegea, nikaukaza kwa penseli taratibu, nikaitia kaseti katika redio ya mjomba na kubonyeza. Kilichotoka kilinifanya niizime haraka, kwa sababu niliamini kwamba mota ya redio imeharibika na inauvuta utepe kwa kasi kuliko inavyopaswa. Nikaitoa, nikaweka kaseti ya rumba, na rumba ikatoka sawasawa kabisa. Nikairudisha ile ya njano, na kasi ikawa ileile. Hapo ndipo nilipotambua kwamba redio ni nzima na kwamba watu hao ndivyo walivyopiga kweli.

Niliendelea kusikiliza nyimbo za dakika moja, dakika moja na nusu, zinazokwisha kabla hujajua zimeanzaje, kisha ghafla ikaingia rege. Ilikuwa rege tulivu, yenye besi nzito na mwangwi mrefu, na mbele zaidi ikaja nyingine yenye sauti ya mtu anayemwimbia Jah kwa moyo wake wote. Baada yake kasi ikarudi. Nimepata kusikia bendi zinazochanganya mitindo miwili ndani ya wimbo mmoja, lakini hawa katika kaseti hii hawachanganyi: wanatoka chumba kimoja, wanaingia chumba kingine, na mlango wanaufunga.

Ninaomba mwenye ufahamu anieleze watu hawa ni akina nani, kwa sababu sauti ya mwimbaji na imani yake vinanifanya nihisi kwamba ni watu weusi, ilhali kila picha ya wapiga panki, ile roki ya kelele na kasi, niliyowahi kuona ilikuwa ya vijana wa Kizungu. Ningependa pia kujua ilikuwaje mitindo hiyo miwili ikaishi pamoja, na kwa nini sisi huku, ambao rege tumeisikiliza tangu utotoni, hatukuwahi kulisikia jina lao. Mjomba nimemuuliza, akasema tu kwamba aliinunua Baltimore, Marekani, na kwamba atanieleza siku nyingine.

Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Santuri (Lindi Mjini)

Marahaba, kijana wangu. Hisia zako ni sahihi. Wote wanne ni watu weusi, na kaseti uliyoishika ni kitu cha thamani, kwa hiyo kabla ya yote nakuomba uitoe katika lile sanduku la bati na kuiweka mahali pakavu.

Bad Brains walitokea Washington, D.C. na vitongoji vyake katikati ya miaka ya 1970. Gary Miller, ambaye jukwaani huitwa Dr. Know, alipiga gita. Darryl Jenifer alipiga besi. Earl Hudson alipiga dramu. Na kaka yake Earl, Paul Hudson, ndiye mwimbaji anayejulikana kwa herufi mbili tu, H.R., ambazo yeye mwenyewe alizipa maana ya haki za binadamu. Hawakuanza na panki hata kidogo. Bendi yao ya kwanza iliitwa Mind Power, na ilipiga jazi iliyochanganywa na roki, ile ya akina Return to Forever na Mahavishnu Orchestra, ambayo haimpokei mtu asiyefanya mazoezi. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu wengi hudhani kwamba panki ni muziki wa watu wasiojua kupiga. Wapo waliokuwa hivyo, na hawakuona haya, lakini hawa wanne walikuja na vidole vilivyokwisha kufunzwa.

Aliyewaletea panki ni rafiki yao Sid McCray, ambaye kwa muda mfupi alikuwa mwimbaji wao na ambaye alifariki mwaka 2020. Yeye ndiye aliyewasikilizisha santuri za vijana wa Uingereza na New York, na jina la bendi walilichukua kutoka katika wimbo wa Ramones, bendi ya panki ya New York. Wakati huohuo H.R. alikuwa anaishika falsafa aliyoipata katika kitabu cha Napoleon Hill, ile ya kuiweka akili upande wa matumaini hata mambo yanapokuwa mabaya. Herufi PMA zinazorudiwa katika wimbo wao "Attitude" ndizo kifupi chake, yaani "Positive Mental Attitude". Ukizingatia kwamba panki ya miaka ile ilijaa kukata tamaa, utaona jinsi vijana hawa walivyokuwa wanakwenda njia nyingine ingawa walikuwa wakipiga kelele kuliko wote.

Rege iliingia kwa mlango wa imani. Walikwenda kumwona Bob Marley jukwaani, na jambo lile liliwageuza. Wakawa Marasta, wakaacha nywele zao zisokoteke, na wakaanza kuweka nyimbo za rege katikati ya maonyesho yao ya panki. Kwa hiyo, kijana wangu, ile milango miwili uliyoisikia ni ya nyumba moja. Mtu aliyekuwa anapiga kelele dhidi ya Babiloni, yaani mfumo wa dhuluma kama Marasta wanavyouita, katika wimbo wa dakika moja ndiye huyohuyo anayeimba "Leaving Babylon" kwa utulivu, na hakuona sababu ya kuuchagua wimbo mmoja na kuutupa mwingine.

Mwaka 1979 walikwenda kupiga katika mtaa wa nyumba za watu wa kipato cha chini uitwao Valley Green, upande wa kusini-mashariki mwa Washington, katika onyesho la kupinga ubaguzi wa rangi. Ninaupenda sana uamuzi huo, kwa sababu klabu za katikati ya jiji zilikuwa zinajaa vijana wa Kizungu, na wao wakataka muziki huo usikike pia kwa watu weusi wenzao. Lakini klabu nyingi za Washington zilikuwa zimeanza kuwakatalia, zikihofia fujo za mashabiki, na ndipo ulipozaliwa wimbo "Banned in D.C." Walijaribu kwenda Uingereza kufanya ziara pamoja na The Damned, bendi ya panki ya huko, wakauza walichonacho, wakapata nauli, wakafika uwanja wa ndege na kurudishwa kwa sababu hawakuwa na vibali vya kazi. Mtu aliyewahi kuuza mali yake yote kwa safari moja anaweza kupima walirudije.

Baadaye wakahamia New York, ambako klabu ya CBGB iliwapokea. Singo yao ya kwanza, "Pay to Cum", ilitoka mwaka 1980 na haifiki hata dakika mbili. Kisha mwaka 1981 walirekodi katika studio ndogo iliyoitwa 171-A, pale Avenue A, chini ya Jerry Williams, na tarehe 5 Februari 1982 kampuni ya ROIR ikatoa kazi hiyo kwa kaseti peke yake. Hakukuwa na santuri. Kampuni ya ROIR, iliyoanzishwa na Neil Cooper, ilijenga biashara yake juu ya kaseti tupu, wakati ambapo kampuni kubwa za Marekani bado ziliuona utepe kama mdogo wake santuri. Sisi tuliolelewa na kaseti za dukani na za kurekodiwa redioni tunaelewa vizuri ubora wa uamuzi huo: kaseti hutiwa mfukoni, hunakiliwa usiku mmoja, na hufika mahali ambapo santuri ingevunjika njiani. Lile jengo lililopigwa na radi ni jengo la bunge la Marekani, lililopo katika mji uleule uliowafungia milango.

Yaliyofuata nitayapitia kwa haraka. Mwaka 1983 ikatoka "Rock for Light", iliyosimamiwa na Ric Ocasek wa bendi ya The Cars. Mwaka 1986 ikatoka "I Against I", ambayo kwangu mimi ndiyo kazi yao iliyokomaa kuliko zote, kwa sababu humo mlango niliousema unafunguka na roki nzito, mapigo ya fanki na harufu ya rege vinakaa chumba kimoja. H.R. alikabiliwa na kifungo kwa makosa ya bangi wakati albamu hiyo inakamilishwa, na sauti ya wimbo "Sacred Love" aliiimba kupitia simu kutoka gerezani. Ukiisikiliza utaisikia ile sauti nyembamba ya waya wa simu, ya mtu aliye mbali kweli. Baada ya hapo bendi ilivunjika na kuungana mara nyingi, kwa kuwa H.R. na Earl walivutwa zaidi na rege, ilhali Dr. Know na Jenifer walitaka kuendelea na muziki mzito.

Mpiga Besi wa Masasi

Mzee wa Santuri, shikamoo, na asante kwa maelezo hayo. Mimi ni mpiga besi katika bendi ya maharusi hapa Masasi, na ningependa kuongeza jambo moja kuhusu ile kasi, kwa sababu ndiyo iliyomfanya kaka yetu wa Mikindani aizime redio.

Mwaka jana, wakati wa msimu wa korosho, shughuli zilipokuwa nyingi na tunakaa ukumbini tangu saa nane mchana kusubiri wageni, tulijaribu kujifunza wimbo "Pay to Cum" kwa ajili ya mazoezi tu. Mpiga dramu wetu ni kijana mwenye nguvu, anayeweza kushikilia sebene kwa nusu saa bila kuchoka, lakini mkono wake wa kulia ulikaza kabla ya wimbo kufika mwisho. Katika mtindo huu ngoma ya mguu na ngoma ya mkono hupokezana bila nafasi ya kupumua, moja chini, moja juu, na gita linapigwa kwa mwendo huohuo. Tulidhani tatizo ni nguvu. Tukaja kugundua kwamba nguvu ndiyo iliyokuwa inatuangusha, kwa sababu aliyekaza misuli huchoka mapema, na kwamba Earl Hudson anapiga kwa mkono mwepesi sana ambao ni wa mtu aliyesomea jazi.

Kigumu zaidi kilikuwa kusimama. Sikilizeni jinsi wanne wale wanavyokata wimbo katikati, kimya kinaingia kwa kitambo kisichotosha kupepesa jicho, kisha wote wanaanza tena katika sauti moja. Tulipofanya sisi, mmoja alikuwa anaburuza nyuma kama mlango wenye bawaba mbovu. Babu yangu alikuwa mpigaji wa sindimba, na alituambia jambo lilelile tulipokuwa watoto: ngoma humjua mpigaji wake pale inaponyamaza. Ndiyo maana kabla ya kucheza walizikanza ngoma kwenye moto wa majani makavu, wakiigusa ngozi kwa kidole, wakizisogeza tena motoni, mpaka ile ndogo itoe sauti kali inayokatika papo hapo. Ngozi ikilegea, hata upige kwa kasi namna gani, watu watasikia mvumo tu. Katika kaseti ya Bad Brains kila pigo limekatika. Ile besi ya Jenifer haizami ndani ya kelele. Unaweza kuifuata noti kwa noti.

Kuhusu rege yao, nako kuna funzo kwa mtu wa besi. Katika rege ya mtindo wa Marley pigo la kwanza huachwa wazi, na uzito wa dramu huangukia pigo la tatu, ndiyo sababu mwili wako unayumba badala ya kuruka. Kutoka katika muziki unaojaza kila nafasi na kuingia katika muziki unaoacha nafasi, tena jukwaani, mbele ya watu waliokwisha kupandwa na jazba, ni kazi inayotaka moyo uliotulia. Nimejaribu kupiga "I Luv I Jah", ambao una zaidi ya dakika sita, mara baada ya wimbo wa kasi, na vidole vyangu vilikimbia mbele kwa dakika nzima kabla ya kukubali kutembea.

Kaka yetu, mwombe mjomba akuruhusu uisikilize tena huku ukiziba sikio kwa kila kitu isipokuwa besi. Utaona kwamba mpigaji wa vyumba vyote viwili ni yuleyule.

Dada wa Nachingwea

Nimesoma kwa makini na nimefurahi. Mzee wa Santuri, shikamoo. Naomba niongeze mambo mawili ambayo nadhani ni ya haki kusemwa, kwa sababu kuipenda bendi kusitufanye tuisimulie nusu.

La kwanza linahusu asili ya mtindo wenyewe wa panki ya kasi, ambao huitwa hadikoo. Nimewahi kusoma mahali watu wakisema Bad Brains ndio waliouanzisha. Hapo ningekwenda taratibu. Bendi ya Black Flag ilianza huko California mwaka 1976, na vijana wa bendi ya Middle Class, nao wa California, walikuwa wamekwisha kurekodi nyimbo za kasi sana kabla "Pay to Cum" haijatoka. Jina lenyewe lilienea zaidi baada ya bendi ya D.O.A. ya Kanada kuitumia katika albamu yao ya mwaka 1981. Wanachoweza kudai Bad Brains bila ubishi ni kwamba waliipandisha kazi hiyo kiwango, wakaonyesha kwamba kasi na umahiri vinaweza kukaa pamoja. Vijana wa Washington waliokuwa wakiwatazama kutoka mbele ya jukwaa, akiwamo Ian MacKaye aliyeanzisha bendi ya Minor Threat mwaka 1980, na Henry Rollins aliyekuja kuwa mwimbaji wa Black Flag, wamesema wazi kwamba kuwaona wanne hawa ndiko kulikowapa kipimo. Beastie Boys, ambao dunia inawajua kwa rapu, walianza kama bendi ya hadikoo huko New York, na mmoja wao, Adam Yauch, ndiye aliyesimamia albamu ya Bad Brains ya mwaka 2007, "Build a Nation". Mtu hamsimamii hivyo mtu aliyempita tu njiani. Wako pia Living Colour na Fishbone, bendi za watu weusi zilizopiga roki bila kuomba ruhusa, ambazo zilikuta njia imekwisha kufyekwa.

La pili ni zito zaidi. Mwaka 1982, walipokuwa Austin, jimbo la Texas, Bad Brains waligombana na bendi za Big Boys na MDC, na chanzo kilikuwa chuki waliyoionyesha kwa Randy Turner, mwimbaji wa Big Boys, kwa sababu alikuwa shoga na hakuficha. Watu hao walikuwa wamewapokea kama wageni. Habari ilisambaa katika miji mingi, na wapo waliovunja urafiki nao moja kwa moja. Sisi watu wa kusini tunajua uzito wa mgeni kumtukana mwenyeji wake chini ya dari la huyo mwenyeji, na mimi sioni kwamba imani ya mtu, iwe Urasta au nyingine yoyote, inamwondolea deni hilo. Ninaipenda kaseti ile ya njano, na bado jambo hilo linaniuma kila ninapomsikia H.R. akiimba kuhusu upendo.

Sasa nijibu swali la kaka yetu, kwa nini hatukuwajua. Nadhani sehemu kubwa ni kwamba hawakuwahi kukaa pamoja muda wa kutosha ili kampuni kubwa iwasukume. Kila fursa ilipokaribia, mmoja alikuwa ameondoka. Mwaka 1993 walitoa "Rise" kwa kampuni ya Epic lakini H.R. hakuwamo, na nafasi yake alikuwa nayo Israel Joseph I. Mwaka 1995 walirudi wote wanne na albamu "God of Love" chini ya Maverick, kampuni ya Madonna, na ziara yao ikakatishwa na vurugu za H.R. mwenyewe. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba alikuwa akisumbuliwa na maradhi ya akili kwa muda mrefu. Ninapowaza jinsi tunavyowahukumu wagonjwa wa namna hiyo hata hapa kwetu, tukisema amerogwa au amevuta sana, namwonea huruma, ingawa wenzake na mashabiki aliowapiga wanastahili huruma hiyohiyo.

Tena, wapenzi wa rege wangezipata nyimbo zao wapi? Maduka ya rege hayakuweka kaseti yenye nyimbo kumi na mbili za panki, na maduka ya panki hayakuwa na njia ya kufika huku.

Mzee wa Santuri (Lindi Mjini)

Dada wa Nachingwea, marahaba. Umesema kweli katika yote mawili, na la Austin nililijua, ila nilipita pembeni yake. Sikupaswa.

Kuhusu hali zao za sasa, kwa kuwa kijana hakuuliza lakini huenda angependa kujua: mwaka 2015 Dr. Know alipatwa na mshtuko wa moyo uliomlaza mahututi, akapona. H.R. naye alipata maradhi adimu ya kichwa, yenye maumivu makali yanayokuja kwa vipindi, na alifanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 2017. Mwaka 2016 bendi iliteuliwa kugombea kuingizwa katika ukumbi wa heshima wa roki huko Marekani, haikuchaguliwa. CBGB ilifungwa Oktoba 2006, na Bad Brains walikuwa miongoni mwa bendi zilizopiga pale katika siku zake za mwisho. Nimeona picha za usiku huo. H.R., ambaye ujanani alikuwa akiruka sarakasi ya kinyumenyume na kutua kwa miguu miwili wimbo unapokata, amesimama kimya akiwa na tabasamu, huku watu wakirushana mbele yake.

Mpiga Besi wa Masasi, siku mkiweza kuufikisha wimbo ule mwisho, tafadhali niarifu. Nitapanda basi kutoka Lindi nije kusikiliza.

Mpwa wa Baharia (Mikindani, Mtwara)

Nawashukuru sana nyote. Mzee wangu, kaseti nimeihamisha. Sasa imo ndani ya kopo la maziwa lenye mfuniko, pamoja na kitambaa chenye mchele kidogo wa kunyonya unyevu, na mjomba amekubali iwe hivyo.

Jana baada ya swala ya isha nilikaa naye barazani, upepo unatoka ghubani, tukaisikiliza yote pande mbili. Nilifanya kama alivyoniagiza kaka wa Masasi, nikaifuata besi peke yake. Ni kweli. Katika nyimbo za kasi inakwenda mbio lakini haigongani na kitu, na rege inapoingia ni kama mtu aliyekuwa akikimbia pwani amefika kwenye maji na sasa anatembea ndani yake.

Mambo ya Austin nilimsomea mjomba neno kwa neno. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba melini alilala chumba kimoja kwa miaka minne na mtu ambaye wengine walikataa kulala naye kwa sababu kama hiyo, na kwamba ndiye aliyemuuguza alipopata homa kali baharini. Hakuongeza neno, nami sikumuuliza zaidi.

Kisha nikamkumbusha ahadi yake ya kunieleza habari za Baltimore. Alisema ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, meli yao ilikuwa inapakua mizigo, na alipewa saa chache za kutoka bandarini. Akaingia katika duka dogo la muziki, akaona kaseti ya njano, nyekundu na kijani, akaamini kwamba ni rege, akalipa na kurudi melini bila kuijaribu. Usiku huo, wakiwa tayari wako baharini, aliitia katika redio yake ndogo, na mwenzake wa kitanda cha juu akashuka akidhani mashine ya meli ina hitilafu. Wimbo wa kwanza ulikuwa "Sailin' On". Mjomba hajui Kiingereza kingi, lakini neno hilo la kusafiri baharini alilifahamu, akaamua kuisubiri mpaka mwisho. Ilipofika rege, anasema, alikuwa amekwisha kuzizoea zile za mwanzo, na tangu siku hiyo hakuwahi kuuruka hata wimbo mmoja.